Umebofya kwa Nani, Amri Imekwenda kwa Nani?

Huku Inver Grove Heights tunaendelea vizuri, Mungu anatulinda. Mara ya mwisho niliandika habari za unga wa ugali na bei zake, simu zikamiminika hadi usiku wa manane. Leo naomba mnivumilie kidogo maana nataka kuzungumzia kompyuta. Najua Mama akisomewa hii atauliza kama nilikuja Marekani kuuguza watu au kutengeneza mashine. Mama, ni kuuguza. Ila muuguzi wa siku hizi anashika kipanya mara nyingi kuliko anavyoshika sindano, na kipanya nacho kinaweza kumdhuru mgonjwa.

Chanzo cha haya yote ni mdogo wangu wa Dar, yule mtoto wa mama mdogo anayesomea kompyuta. Anatengeneza programu kwa ajili ya zahanati moja, akanitumia picha za skrini na kuniuliza, "Dada, wewe muuguzi, unaionaje?" Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa simu, nikaona unakuwa mrefu kama barua ya posa. Basi nimeuleta hapa ili na wengine msome, hasa nyie vijana mnaoandika programu kwa ajili ya vituo vya afya huko nyumbani.

Kwenye programu yake, upande wa kushoto kuna mti. Kwa wasiojua, huo mti si mwembe. Ni orodha yenye matawi: unaona jina la kijiji, kando yake kuna alama ndogo, ukiibofya tawi linafunguka na kaya zinajitokeza, ukifungua kaya unaona watu, ukifungua mtu unaona dawa zake na vipimo vyake. Ni sawa na babu zetu wanavyohesabu ukoo, fulani kamzaa fulani. Wale mliopo ofisi za mganga mkuu wa wilaya mmeshauona mti wa namna hiyo kwenye DHIS2, taifa, mkoa, wilaya, kituo. Sasa ukiweka kipanya juu ya tawi na kubofya kitufe cha kulia, inatokea menyu ndogo palepale: fungua, badilisha, sitisha, futa. Hiyo menyu ndiyo mada yangu ya leo.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nao: menyu ikifunguka kwenye tawi la mtu, lazima amri yake iende kwa mtu huyo huyo, na kabla haijaenda itaje jina lake. Mtasema, jambo hilo si liko wazi? Liko wazi kwetu sisi. Kwa kompyuta haliko wazi hata kidogo, ngoja niwaeleze.

Ninakofanya kazi ni nyumba ya kulea wazee, si mbali na hapa ninapoishi. Mji wetu uko kando ya mto Mississippi, kusini ya Saint Paul, ndani ya kaunti ya Dakota, na watu wake ni kama elfu 35 hivi. Minnesota hii ilijengwa na wahamiaji wengi kutoka Sweden na Norway karne ya 19, kwa hiyo majina ya Johnson na Anderson ni kama Juma na Hamisi kwetu. Kwenye korido moja unaweza kukuta akina Johnson watatu wasio na undugu wowote. Programu tunayotumia ni ya zamani, ya kukaa ndani ya kompyuta yenyewe ya Windows, na upande wa kushoto ina mti: korido, chumba, mzee, maagizo ya daktari.

Usiku mmoja mwenzangu, dada mmoja mwangalifu kupita kiasi, alikuwa anasitisha amoksisilini ya bibi mmoja aliyemaliza siku zake saba. Kabla ya hapo alikuwa ameangalia warfarini ya bibi mwingine mwenye jina la ukoo hilo hilo, chumba cha jirani. Akarudi kwenye mti, akaweka kipanya juu ya amoksisilini, akabofya kulia. Menyu ikafunguka palepale pembeni ya amoksisilini. Akachagua kusitisha. Kikaja kisanduku kinauliza, una uhakika unataka kusitisha agizo hili? Ndiyo. Akaangalia, amoksisilini ipo vilevile. Akapandisha macho juu kidogo... warfarini ya bibi wa pili imechorwa mstari.

Yaani menyu ilifunguka kwa huyu, amri ikaenda kwa yule!

Warfarini ni dawa ya kuzuia damu isigande ovyo. Bibi yule moyo wake unapiga bila mpangilio, na moyo wa namna hiyo huweza kutengeneza donge la damu likapanda kichwani, ndicho kiharusi. Ubaya wa dawa hii ni kwamba ikikosekana hakuna anayelalamika. Mgonjwa haumwi siku hiyo wala ya pili. Asubuhi muuguzi wa zamu angefungua orodha ya dawa, warfarini isingekuwemo, angempa bibi zilizomo na kuendelea na safari yake. Ingekuwa hivyo mpaka kipimo cha damu kinachofuata, kama bahati ipo. Mwenzangu aliliona palepale, akarudisha agizo, akapiga simu kwa daktari wa zamu, akajaza ripoti ya tukio. Hakuna aliyedhurika. Bibi hata hakuamka.

Sasa sikieni majibu ya uongozi. Baada ya wiki mbili tukaletewa karatasi za kubandika juu ya kila kompyuta: BOFYA KUSHOTO KWANZA, HALAFU KULIA. Na semina ya nusu saa. Yaani kosa limekuwa la kidole cha muuguzi! Mimi nilishika karatasi yangu nikacheka, lakini si kicheko cha furaha. Muuguzi wa zamu ya usiku ana wazee zaidi ya ishirini, kengele zinalia, mmoja ameanguka chooni, na wewe unataka akumbuke mila ya vidole ambayo programu nyingine zote kwenye kompyuta hiyo hiyo hazina. Nenda kwenye mafaili ya Windows, bofya kulia kwenye kabrasha lolote kwenye ule mti wa kushoto, chagua futa. Litafutwa kabrasha ulilobofya. Mkono umeshazoeshwa hivyo kwa miaka.

Nikamuuliza mdogo wangu, hivi inawezekanaje? Akaandika programu ndogo ya majaribio jioni moja, mti wenye majina ya wajomba zetu na menyu ya kufuta. Akabofya kushoto kwa Mjomba wa Tanga, kisha kulia kwa Mjomba wa Moshi, akachagua futa. Akafutika wa Tanga. (Mjomba, upo salama, ilikuwa majaribio tu.)

Maelezo aliyonipa nimeyahakiki mwenyewe kwa kusoma maelekezo ya Microsoft siku zangu za mapumziko, na ni hivi. Mti wa kawaida wa Windows, ule uitwao TreeView, una kumbukumbu ya tawi moja lililochaguliwa. Kitufe cha kushoto hubadilisha hiyo kumbukumbu. Cha kulia hakibadilishi. Mbaya zaidi, ukishikilia kitufe cha kulia, tawi lililo chini ya kipanya linawaka rangi kana kwamba limechaguliwa, ukiachia rangi inarudi kwa yule wa zamani. Macho yanadanganywa kwa sekunde moja, inatosha. Mwandishi wa programu akija kwenye amri ya kusitisha akaiuliza mti, "nani kachaguliwa?", yaani akasoma SelectedNode, anapewa jibu la kweli kabisa ambalo si la swali alilotaka kuuliza. Swali lilikuwa: kabofywa nani?

Dawa yake ni mstari mmoja au miwili, jamani. Kuna tukio liitwalo NodeMouseClick ambalo linakuja likiwa limebeba tawi lenyewe lililobofywa. Ukiona kitufe ni cha kulia, unaliambia SelectedNode liwe tawi hilo. Basi. Au unachukua mahali kipanya kilipo na kuuliza mti, hapa pana tawi gani? Wanaoandika kwa Java wana tatizo hilo hilo kwenye JTree, na lao la ziada: kwenye Windows ishara ya kufungua menyu huja kitufe kinapoachiwa, kwenye Mac na Linux huja kinapobonyezwa, kwa hiyo inabidi uangalie sehemu zote mbili. Anayejaribu kwenye kompyuta yake peke yake atasema inafanya kazi, na kwake inafanya kazi kweli.

Nafasi tupu chini ya mti nayo muiangalie. Mtu akibofya kulia hapo, menyu ya mgonjwa itokee kwa nani? Kwenye Java kuna njia mbili za kuuliza, moja inajibu "hapana mtu hapo" na nyingine inakupa tawi la karibu zaidi. Hiyo ya pili kwenye hospitali siitaki hata kuiona. Fikiria mhudumu wa maabara anayesema, hii chupa ya damu haina jina, tumpe mgonjwa wa karibu!

Kuna wasiotumia kipanya pia. Menyu hiyo inaweza kuitwa kwa Shift na F10, au kwa kile kitufe chenye picha ya menyu kwenye baadhi ya kibodi. Hapo hakuna kilichobofywa, aliyechaguliwa ndiye mwenyewe, na menyu ifunguke pembeni yake, isiende kufunguka kwenye kona ya skrini kama mgeni asiyejua mlango.

Lakini kinachonitisha kuliko vyote ni mti unaojibadilisha wenyewe. Programu yetu inavuta taarifa mpya kutoka kwenye seva kila baada ya muda mfupi. Umefungua menyu, simu inalia, unageuka kujibu; wakati huo mzee mpya anapokelewa chumba cha juu, mistari yote inashuka. Unarudi na kuchagua amri. Kama programu imekumbuka "mstari wa tano", basi mstari wa tano sasa ni mtu mwingine. Lazima ikumbuke namba ya mgonjwa, tena ile iliyokuwepo wakati menyu inafunguka. Sisi wauguzi tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza tusimwite mgonjwa kwa namba ya kitanda, maana vitanda huhamishwa. Mdogo wangu, mstari kwenye mti ni kitanda.

Kuna hoja moja ya upande wa pili na ina uzito, siwezi kuipita. Wapo wanaosema kubofya kulia kusihamishe uchaguzi, amri iende kwa aliyebofywa, lakini aliyefunguliwa upande wa kulia wa skrini abaki alivyo. Ndivyo mafaili ya Windows yanavyofanya, na sababu ipo: kuhamisha uchaguzi kunaweza kuvuta faili zima la mgonjwa kutoka kwenye seva, unasubiri sekunde kumi, na kama ulikuwa katikati ya kuandika maelezo ya mwingine yanaweza kupotea. Kwa makabrasha ya picha za harusi nakubali. Kwa wagonjwa hapana. Skrini yenye faili la bibi mmoja wazi upande wa kulia, na menyu ya bibi mwingine imeelea upande wa kushoto, ni mtego hata kama amri itakwenda sahihi. Ihamishe. Kama kuna maelezo hayajahifadhiwa, uliza kwanza. Sekunde kumi nitazisubiri.

Mnajua sisi tuna haki tano za kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu alikuwa anatuamsha usingizini kutuuliza. Kile kisanduku cha "una uhakika unataka kusitisha agizo hili" kinakiuka haki mbili za kwanza kwa pamoja, maana neno "hili" halina mtu wala dawa ndani yake. Kila anayekiona anabonyeza ndiyo, kama tunavyoitikia "amina" kwenye sala ndefu. Kiandike: sitisha warfarini ya fulani, chumba fulani. Mwenzangu angesimama palepale.

Turudi nyumbani, maana mdogo wangu programu yake ni ya Kiswahili, na kwa hilo nampongeza sana. Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kwenye mradi wa KiLinux, Microsoft nao wakaleta Kiswahili kwenye Windows, na ndipo maneno kama bofya, menyu na faili yalipozidi kuenea. Ila kwenye menyu neno linasimama peke yake bila sentensi ya kulisaidia, na Kiswahili chetu kina mitego yake. Kwenye picha aliyonitumia, menyu ya dawa ilikuwa na neno "Toa". Jamani! Toa dawa ni mpe mgonjwa dawa, au iondoe dawa kwenye orodha? Wauguzi wawili wa zahanati moja watalisoma kwa maana mbili, na wote wawili wana haki. Chini yake kuna "Ruhusu". Kwetu wodini mgonjwa akiruhusiwa amekwenda nyumbani. Kwa mtu wa kompyuta kuruhusu ni kumpa mtu ufunguo wa kuingia. Andika "Mpe dozi". Andika "Ondoa kwenye orodha". Andika "Ruhusu aende nyumbani". Maneno matatu hayajazi menyu.

Na zile amri za hatari zisipakane na za kila saa. Kwenye picha yako "Futa" iko chini ya "Fungua" moja kwa moja, zinaanza na herufi moja, zina urefu unaokaribiana. Mwenye miwani atalia.

Tena naomba kila kilichomo kwenye menyu ya kulia kipatikane na mahali pengine panapoonekana. Kitufe cha kulia ni siri. Douglas Engelbart alipokionyesha kipanya chake hadharani mwaka 1968 kilikuwa na vitufe vitatu. Apple walipotoa Macintosh mwaka 1984 wakaweka kimoja tu, wasitake mtu ajiulize abonyeze kipi. Windows 95 ndiyo iliyoifanya menyu ya kulia kuwa kitu cha kila ofisi. Mac nayo ikaikubali kwenye Mac OS 8 mwaka 1997. Hata leo hakuna kinachomwambia mtu kwamba ipo. Tuna mama mmoja hapa kazini, amebakiza miaka michache astaafu, hodari kuliko sisi wote kutafuta mshipa wa mzee aliyekauka maji, na alifanya kazi kwenye programu ile miaka mingi akizunguka kurasa nne kufanya jambo lililokuwa kwenye kitufe cha kulia muda wote. Hakuna aliyemwambia. Na zahanati ikipata tabuleti siku moja, kitufe cha kulia hakitakuwepo kabisa.

Kuhusu kazini kwetu: niliandika barua. Sikulalamika sana, nilieleza tu hatua kwa hatua, bofya hapa, kisha hapa, tazama kinachotokea, nikaambatanisha maelezo ya zile hatua mbili za kurekebisha. Msimamizi wangu akaipeleka kwa watengenezaji. Ilichukua miezi kadhaa, lakini toleo lililofuata lilikuja na mstari wa kwanza wa menyu ukiwa na jina la mzee na dawa yenyewe, mstari usiobofyeka, wa kusomwa tu. Na tawi linahama. Hakuna semina iliyoitishwa kutuambia. Zile karatasi bado zimebandikwa juu ya kompyuta.

Mdogo wangu, toleo lako la pili likiwa tayari nitumie. Nipo mapumzikoni Jumanne na Jumatano, nitakaa nalo na kikombe cha chai nilibofye kwa nia mbaya: kwenye nafasi tupu, kwa kibodi, menyu ikiwa wazi huku taarifa zinaingia, na wagonjwa wawili wenye jina moja kijiji kimoja. Weka majina ya kubuni, usinitumie ya wagonjwa wa kweli, hata kwa dada yako. Na yule binamu aliyeuliza saizi ya viatu vya theluji, nimeona swali lako, nitakujibu wiki ijayo na picha.